Nyumba ya Wawili Katika Mtaa wa Wengi



Katika mafundisho yetu ya mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo limeleta furaha katika familia nyingi za mjini, na ambalo pia limezitenganisha nyingine. Jambo hilo ni kununua nyumba. Hatuzungumzii jumba la kifahari lenye ua mpana na bustani. Tunazungumzia nyumba ya kawaida katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kama vile Umoja, Buruburu, Dandora na Kayole, ambako kuta hugusana, na ambako Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mluhya na Msomali hupanga mitungi yao kwenye foleni moja ya maji.

Watu wengi hufikiri kwamba shida ya kununua nyumba ni pesa tu. Ni kweli pesa ni shida. Lakini pesa zikikosekana, mume na mke huweza kungoja pamoja. Kinachovunja ndoa ni siri. Mmoja hununua bila kumwambia mwenzake, au huandika jina lake peke yake, au huchukua mkopo ambao mwenzake atausikia kwa mara ya kwanza siku ya kudaiwa. Basi somo letu ni hili: nyumba ya ndoa na inunuliwe na watu wawili, kwa mdomo na kwa maandishi, na wote wawili wajue kwamba pamoja na nyumba, wananunua pia majirani.

1. Nyumba na nyumbani

Hapa kwetu Kenya, mtu aweza kukaa Nairobi miaka thelathini, na bado ukimwuliza nyumbani ni wapi atakutajia kijiji cha baba yake. Mjini ana nyumba. Nyumbani ni mashambani. Hapo ndipo mabishano mengi huanza. Mume husema, "Tujenge kwanza nyumbani. Nikifa leo mtanizika wapi, nami sina hata kibanda?" Mke naye hujibu, "Watoto wanalala sebuleni, na kodi inapanda kila mwaka. Tujenge nyumba ya kulala kuku huku sisi tukikosa pa kulala?"

Wote wawili wana haki. Kosa si kutaka hili au lile, bali ni kuamua peke yako. Tengeni jioni moja, watoto wakiisha kulala na televisheni ikiwa imezimwa. Kila mmoja aseme la moyoni bila kukatizwa. Kisha andikeni kwenye karatasi: tutaanza na lipi, kwa pesa ngapi, na la pili litafuata lini.

Mkisha kukubaliana, mume awaeleze wazazi wake mwenyewe, na mke wazazi wake mwenyewe. Bwana anayemwachia mkewe kazi ya kuwaambia wakwe kwamba nyumba ya mashambani itangoja, anamtwisha mkewe lawama ambayo hatatuliwa maisha yake yote.

2. Hesabuni gharama yote

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatukumbusha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: hana budi kukaa kwanza na kufanya hesabu. Wengi wetu huhesabu bei tu, tukasahau yanayoifuata.

Tuseme nyumba inauzwa shilingi 4,000,000. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10 wakati wa kutia sahihi mkataba, yaani shilingi 400,000, na zilizobaki hulipwa katika muda uliokubaliwa, mara nyingi siku 90. Ushuru wa stempu kwa mali iliyoko mjini ni asilimia 4 ya thamani yake, yaani shilingi 160,000 nyingine. Hapo bado hamjamlipa wakili wala mthamini, na bado hamjabadilisha kufuli na kuunganishiwa maji na stima kwa jina lenu. Kama ni fleti, kuna pia ada ya kila mwezi ya mlinzi, takataka na taa za ngazi.

Mkikopa kutoka chama cha akiba na mikopo, kumbukeni kwamba wadhamini wenu ni marafiki na wafanyakazi wenzenu. Mkishindwa kulipa, mishahara yao ndiyo itakayokatwa. Kwa hiyo jiulizeni swali moja kabla ya kutia sahihi: mmoja wetu akipoteza kazi, mwingine ataweza kulipa mkopo huu na bado watoto wakala na kusoma? Kama jibu ni hapana, nyumba hiyo ni kubwa kuliko ninyi. Tafuteni ndogo, au ngojeni. Haraka haraka haina baraka.

3. Chunguzeni kabla ya kulipa

Mnamo Novemba 2011, huko Syokimau, nyumba za watu wengi zilibomolewa kwa sababu ilidaiwa kwamba ardhi ile ni ya uwanja wa ndege. Waliokuwa wakiishi humo walikuwa wamenunua kwa jasho lao. Mnamo Oktoba 2023, huko Mavoko, nyumba nyingine zikabomolewa kwenye ardhi ya kampuni ya saruji. Watu wazima walisimama kando ya barabara na magodoro yao wakilia kama watoto. Haya hayakuwapata wajinga tu. Hata aliyesoma huweza kudanganywa na karatasi nzuri.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza, tafuteni wakili wenu wenyewe. Msitumie yule aliyeletwa na muuzaji. Pili, pekueni rekodi ya ardhi katika ofisi ya serikali. Kwa Nairobi, kazi hii hufanywa kwa mtandao wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021. Huko mtaona jina la mwenye mali, na kama ameiweka rehani au kuna zuio la mahakama. Tatu, kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali, kama zilivyo nyingi za Nairobi, ulizeni imebakia miaka mingapi. Nne, hakikisheni kwamba muuzaji hadaiwi kodi ya kaunti.

Jihadharini na cheti cha hisa. Katika pande nyingi za Embakasi, ploti ziliuzwa na kampuni na vyama vya kununua mashamba, na mnunuzi akapewa cheti badala ya hati. Cheti hicho huonyesha kwamba wewe ni mwanachama, lakini si hati ya kumiliki ardhi, na ploti moja huweza kuuzwa kwa watu wawili au watatu. Mkinunua fleti, jueni kwamba sheria ya mwaka 2020 inamwezesha mwenye fleti kupata hati ya fleti yake mwenyewe. Ulizeni kama hati hiyo ipo, au itatolewa lini.

Tena, tazameni jengo lenyewe na mahali liliposimama. Huko Huruma, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto lilianguka baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 50 walikufa. Katika mafuriko ya 2024, wengi waliokaa kando ya mito ya Nairobi walipoteza nyumba zao, wengine kwa maji, wengine kwa tingatinga za serikali. Nyumba ya bei nafuu kando ya mto si nafuu. Nendeni mkaitazame mara mbili: siku ya jua na siku ya mvua. Nendeni wote wawili, maana jicho la mmoja huona ufa ambao la mwingine limeuruka.

4. Majina mawili kwenye hati

Hapa tunawaomba akina bwana watusikilize kwa makini, na akina mama wasione haya kuuliza.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mmoja wenu auze au aweke rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Sheria hiyo pia inatambua kwamba anayepika, anayelea watoto na anayetunza nyumba amechangia, ingawa hakuleta mshahara. Hata hivyo, mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi. Kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake. Basi wekeni stakabadhi zote, na ziwekwe mahali ambapo wote wawili wanapajua.

Lakini tusiangalie talaka tu, maana sisi tuliofunga ndoa tuliahidi kukaa pamoja hadi kifo. Tuangalie hicho kifo chenyewe. Bwana akifa na hati ina jina lake peke yake, mjane atalazimika kwenda mahakamani kuomba mamlaka ya kusimamia mali, na huenda shemeji wakamtangulia. Tumewaona wajane waliotolewa katika nyumba waliyoilipia kwa kuuza mboga. Kumbe kuna njia. Wanandoa wanaweza kuandikishwa kama wamiliki wa pamoja, bila kugawana mafungu. Mmoja akifa, mali yote hubaki kwa aliye hai, na msajili wa ardhi huliondoa jina la marehemu akisha kuonyeshwa uthibitisho wa kifo. Njia ya pili ni kuandikishwa kila mmoja na fungu lake. Hapo fungu la marehemu huingia katika urithi. Mwambieni wakili waziwazi mnataka ipi, msimwachie achague.

Mume anayeandika jina la mkewe hapotezi nyumba. Anajenga ukuta ambao utamlinda mkewe na watoto siku atakapokuwa hayupo.

5. Mtaa nao unanunuliwa

Umoja ilipojengwa miaka ya 1970, nyumba nyingi zilikuwa ndogo, za familia moja. Leo mahali pengi pana ghorofa, na jua limefichwa. Bomba la maji taka lililowekwa kwa familia chache sasa linahudumia mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu hufurika. Kwa hiyo, kabla ya kununua, ulizeni majirani: maji huja siku zipi? Sewa hufurika lini? Baa ile ya pembeni hufungwa saa ngapi? Jirani ana mpango wa kupandisha ghorofa? Mama muuza mboga wa hapo atawaambia mambo ambayo dalali hatayasema.

Mkisha kuhamia, wiki ya kwanza nendeni mkawasalimu wa kulia na wa kushoto, wa juu na wa chini. Chukueni namba zao za simu, na mwingie katika kikundi cha Nyumba Kumi. Mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, ndugu yako wa mashambani hawezi kukusaidia. Atakayekuja ni yule wa mlango wa pili. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Jirani mmoja ataamshwa na adhana alfajiri, mwingine atakesha katika maombi yenye vipaza sauti, nasi jumuiya yetu tutaimba Jumamosi jioni hadi watoto wa watu waamke. Tuvumiliane. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwanza kwa mwenyewe, kwa sauti ya chini, kabla ya kwenda kwa chifu.

Kumbukeni pia kwamba kuta ni nyembamba. Ugomvi wenu wa usiku, asubuhi utakuwa umefika kibandani. Mkikasirika, tokeni mtembee kidogo pamoja mkizungumza. Wala mmoja asikimbilie kwa jirani kumsema mwenzake, kwani mtapatana, lakini jirani hatasahau.

6. Maneno tunayosema mlango ukifungwa

Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliua zaidi ya watu 1,100 katika nchi yetu na kuwafukuza mamia ya maelfu kutoka makwao. Hapa Nairobi, mitaa kama Mathare na Kibera iligawanyika. Kuna waliofukuzwa na majirani zao, na kuna waliofichwa na majirani zao chini ya vitanda. Tofauti hiyo haikuanza siku ile. Ilianza miaka mingi kabla, katika maneno yaliyosemwa mezani watoto wakisikia.

Basi mume na mke wakubaliane: katika nyumba hii hatutataja kabila la jirani kwa dharau, wala dini yake. Kama ninyi wenyewe mmetoka makabila mawili, jambo hili ni zito zaidi, maana neno baya juu ya jirani laweza kuwa neno baya juu ya mama wa watoto wako. Msaidieni jirani Mwislamu akifiwa, naye atakuja kwenu. Waacheni watoto wacheze pamoja, na wafundisheni kuwaamkia wazee wote wa ploti, si wa kwenu peke yao.

Nyumba mtaimaliza kulipa siku moja. Imani kati yenu wawili, na heshima kati yenu na majirani, hulipwa kila siku, kidogo kidogo. Lakini hizo ndizo zitakazowalinda usiku wa taabu.

Maswali ya kujadiliana wawili

(a) Je, kila mmoja wetu anajua mikopo yote ambayo mwenzake anailipa?

(b) Hati ya nyumba au ploti yetu ina majina ya nani? Imewekwa wapi?

(c) Mmoja wetu akifa mwezi huu, mwingine ataendelea kukaa katika nyumba hii bila kusumbuliwa?

(d) Tunajua majina ya majirani wangapi? Ni nani tungemwita usiku, na ni nani angetuita sisi?

(e) Watoto wetu wamesikia tukisema nini juu ya majirani wa kabila au dini nyingine?