Gharama za Kusomea Ualimu: Ada Si Mwisho wa Hesabu

Mzazi anayempeleka kijana Chuo cha Ualimu Nachingwea hana budi kutofautisha makundi mawili ya gharama. La kwanza ni ada, ambayo hutajwa katika fomu ya kujiunga. La pili hulipwa kidogo kidogo: uchunguzi wa afya, sare, madaftari, nauli kutoka Nanganga na matumizi ya mazoezi ya kufundisha. Hili ndilo hukwamisha, kwa kuwa halina risiti moja.

Tangu mwaka 2023/2024, Bodi ya Mikopo hukopesha pia baadhi ya wanachuo wa stashahada ya ualimu. Mkopo huo ni deni; hurejeshwa. Maombi yake huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Familia ikishughulikie mapema, na itenge fedha za korosho kabla hazijatawanyika.