MALI BILA DAFTARI HUISHA BILA HABARI: Somo la Kuchagua Jukwaa la Kuundia Programu za Biashara

Mwaka huu nimeombwa na wahariri niandike somo, si hadithi. Lakini somo langu lilianza kwa aibu, kwa hiyo itabidi nianze na hiyo aibu.

Shangazi yangu hukusanya maziwa kule Kinangop. Wakulima 43 humletea asubuhi na jioni, yeye hupima, huandika katika daftari, kisha gari huja kuyachukua. Mwisho wa mwezi hulipa kila mtu shilingi 45 kwa lita. Likizo ya Agosti 2024 nilimkuta daftari limelowa mvua, kurasa zimeshikana kama chapati. Nikajitia ujuzi: "Shangazi, hii ni kazi ya kompyuta. Niachie mimi."

Ama kweli, mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, lakini mimi nilikuwa sijaerevuka bado. Niliingia katika intaneti nikatafuta jukwaa la kuundia programu bila kuandika msimbo mwingi. Nikachagua lile lenye picha za kupendeza na neno "bure" lililoandikwa kwa herufi kubwa. Siku mbili tu, programu ikawa tayari. Shangazi alifurahi, akaniita daktari wa mashine.

Siku ya kumi na mbili, jioni, foleni ikiwa ndefu, mkulima wa kumi na mbili alipima maziwa yake na programu ikakataa kuandika. Kumbe toleo la bure lilikuwa na kikomo cha mistari 1,000. Nipigie hesabu nawe, msomaji: wakulima 43 mara 2 kwa siku ni mistari 86. Siku kumi na moja ni mistari 946. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili ikawa 989, na jioni ile mkulima wa kumi na moja akafikisha 1,000. Hesabu ya darasa la tano hiyo, nami sikuifanya! Tukarudi kwenye karatasi, tena mbio mbio.

Mwisho wa mwezi ndipo kilipofika kisa chenyewe. Kuna nyanya mmoja, sisi humwita Cucu, ambaye hutegemea fedha hizo kumlipia mjukuu wake karo. Alipopokea malipo alitulia, akasema, "Mwanangu, hizi si zangu zote." Hajui kusoma, lakini kwa kila lita hutia punje moja ya maharagwe katika mkebe. Tukahesabu punje zake. Zilizidi rekodi yetu kwa 38. Nilipotazama vizuri nikaona jina lake limeandikwa "Nyambura" siku nyingine na "Nyabura" siku nyingine, na programu ikadhani ni watu wawili. Shilingi 1,710 za Cucu zilikuwa zimemwendea mtu asiyekuwako. Shangazi alimlipa papo hapo akamwomba radhi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mkebe wa maharagwe ulikuwa umeishinda kompyuta.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa somo la Kompyuta. Hakunicheka. Alisema, "Kosa lako si kutumia jukwaa. Kosa lako ni kulichagua kwa macho. Jukwaa huchaguliwa kwa maswali." Yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwake na kwa kusoma.

NI KITU GANI HASA?

Programu ya biashara inayotegemea data ina sehemu tatu: mahali pa kuweka kumbukumbu, yaani hifadhidata, kurasa ambazo watu huandikia na kusomea, na kanuni zinazosema nani afanye nini na hesabu ipigwe vipi. Zamani fundi aliandika zote tatu kwa mkono. Majukwaa haya hukupa vipande vilivyo tayari, ukavipanga kwa kuvuta na kudondosha, ukaandika msimbo pale tu panapobidi. Mafundi huyaita majukwaa ya lokodi. Usidhani ni kodi ya nyumba, la hasha! Maana yake ni msimbo kidogo.

Wazo lenyewe si geni. Microsoft Access ilitoka mwaka 1992, na watu wengi wa maofisini waliitumia kujijengea hifadhidata ndogo ndogo. OutSystems ilianzishwa Ureno mwaka 2001, na Mendix ikaanzishwa Uholanzi mwaka 2005. Jina hili la msimbo kidogo lilienea tangu mwaka 2014, lilipotumiwa na kampuni ya utafiti ya Forrester. Kwa hiyo yapo mengi, na ndiyo sababu mtu huchanganyikiwa.

MASWALI SITA YA KUULIZA

Swali la kwanza: Je, linaweza kuunganisha majedwali? Mwaka 1970, Edgar Codd wa kampuni ya IBM alieleza jinsi ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Siri yake ni hii: jambo moja liandikwe mahali pamoja tu. Kwa shangazi, jedwali moja ni la Wakulima, kila mmoja na nambari yake. La pili ni la Mapokezi: tarehe, nambari ya mkulima, lita. La tatu ni la Malipo. Jina la Cucu linaandikwa mara moja tu, katika jedwali la Wakulima. Anayepokea maziwa haandiki jina, bali huchagua nambari 17. Hapo "Nyabura" hawezi kuzaliwa. Jukwaa lisiloweza hivi ni karatasi yenye taa tu.

Swali la pili: Bei hupanda kwa kitu gani? Mengine hulipisha kwa idadi ya watumiaji, mengine kwa idadi ya mistari, mengine kwa vyote. Usiulize bei ya leo pekee. Mistari 86 kwa siku ni 2,580 kwa mwezi wa siku 30, na kwa miezi kumi na miwili kama hiyo ni 30,960. Vivyo hivyo kwa watu: shangazi na wasaidizi wake wawili ni watumiaji watatu, bei nafuu. Lakini akitaka kila mkulima afungue hesabu yake mwenyewe, wanakuwa 46! Bei iliyokuwa mbuzi imekuwa ng'ombe.

Swali la tatu: Mtandao ukipotea itakuwaje? Hapa wengi hujikwaa, kwa sababu majukwaa mengi yametengenezwa na watu ambao mtandao wao haupotei. Kituo cha maziwa kiko bondeni, na ukungu ukishuka simu hushika mara moja moja. Yapo majukwaa yanayohifadhi rekodi ndani ya simu kisha kuzituma mtandao ukirudi. AppSheet ya Google huweza. ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani mwaka 2008, ilikusudiwa tangu mwanzo kukusanya data mahali pa namna hii, ingawa kazi yake hasa ni fomu, si kuendesha biashara nzima. Usiamini tangazo. Zima data ya simu yako ujaribu mwenyewe.

Swali la nne: Nani ataona nini? Majina, nambari za simu na malipo ya wakulima ni siri zao, na hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kuficha kitu kwenye ukurasa si sawa na kukinyima. Mlango uliofunikwa pazia haujafungwa. Mnamo Agosti 2021 kampuni ya usalama ya UpGuard ilitangaza kuwa rekodi milioni 38 za mashirika mbalimbali zilikuwa zinaweza kusomwa na yeyote, kwa sababu waliojenga kwa Power Apps ya Microsoft hawakuwasha ruhusa za majedwali. Hapakuwa na mwizi aliyevunja kufuli, kufuli lenyewe halikufungwa. Baadaye Microsoft ilibadilisha mipangilio ili ruhusa hizo ziwe zimewashwa tangu mwanzo. Kwa hiyo uliza: bila mimi kugusa chochote, mlango uko wazi au umefungwa?

Swali la tano: Nikitaka kuhama, nitatoka na nini? Google walikuwa na jukwaa liitwalo App Maker. Januari 2020 walitangaza kulifunga, na Januari 2021 likafungwa kweli. Waliojenga humo walilazimika kujenga upya kwingine. Mwezi ule ule wa tangazo, Google waliinunua AppSheet. Mimi mwenyewe, nilipotaka kuokoa mistari 1,000 ya shangazi, nilinakili ukurasa baada ya ukurasa hadi usiku wa manane. Jukwaa zuri hukuruhusu kuondoka na data yako yote kwa faili moja. Wapo pia wanaotoa msimbo wao wazi, kama Budibase na Appsmith, ambao unaweza kuwaweka katika seva yako mwenyewe. Lakini seva ni kama ng'ombe: ukiinunua lazima umpate wa kuilisha na kuilinda.

Swali la sita: Kazi ikiwa ngumu kuliko vipande vilivyo tayari, kuna njia? Leo ni kujumlisha lita, kesho ni kukata mkopo wa dawa ya mifugo, keshokutwa ni kulipa kwa M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom imewawekea waandishi wa programu. Uliza kama jukwaa linaruhusu kuandika kanuni zako na kuunganishwa na mifumo mingine. Oracle APEX, iliyotoka mwaka 2004 ikiitwa HTML DB, huruhusu kuandika SQL moja kwa moja, na mwenye hifadhidata ya Oracle halipii zaidi kuitumia. Ila yataka mtu aliyesoma kidogo.

TULIVYOCHAGUA

Basi Desemba nilirudi Kinangop na karatasi ya maswali sita badala ya picha za kupendeza. Tulimwuliza shangazi kwanza, jambo ambalo Agosti sikulifanya. Alisema: watumiaji watatu, mtandao wa kubahatisha, data ibaki mikononi mwake, na asilazimike kuniita kila siku. Kwa majibu hayo tulichukua AppSheet, data ikikaa katika lahajedwali la Google lililo katika akaunti yake. Hulipiwa kwa kila mtumiaji, na watatu anawamudu. Tulikubaliana kila Januari kufungua jedwali jipya la mapokezi ili mambo yasiwe mazito.

Simaanishi kwamba wewe nawe uchukue hilo hilo. Kama ni duka la mtu mmoja na orodha moja, lahajedwali la kawaida latosha, usijisumbue. Kama ni chama cha akiba chenye mamia ya wanachama na hesabu za riba, tafuta hifadhidata yenye nguvu na fundi wa kuitunza. Majibu ya maswali ndiyo yachague.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Kwa wiki mbili tuliendesha programu na daftari sambamba, na kila jioni tukalinganisha jumla. Siku ya tatu zilitofautiana kwa lita 4. Mara hii aliyekosea alikuwa mimi katika daftari! Na mwisho wa mwezi, kabla ya fedha kutoka, shangazi alimwita Cucu aje na mkebe wake. Tulihesabu punje mbele ya watu, na simu ikasoma hesabu ile ile. Cucu akacheka akasema, "Sasa imejifunza." Lakini mkebe hakuutupa, nami sikumshauri autupe.

ZOEZI

1. Chagua biashara moja unayoijua nyumbani kwenu. Taja majedwali yake matatu na ueleze ni nambari gani inayoyaunganisha.
2. Duka huuza mara 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kikomo cha bure ni mistari 5,000. Kitajaa siku ya ngapi ya mauzo?
3. "Mlango uliofunikwa pazia haujafungwa." Jadili kuhusu siri za wateja.

Majibu mniletee chumba cha chama siku ya mkutano. Atakayekosea swali la pili asione haya, mwandishi alimtangulia. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza: na daftari bila maswali huweza kumpunja mwenye mali.

Mwanachama, Kidato cha Tatu