Jalada Ndilo Linalokusemea Ofisini

Kijana anapoajiriwa katika halmashauri au wizara hapa Tanzania, wakubwa humpa usia uleule: heshimu waliokutangulia, wahi kazini. Usia huo ni wa kweli ila hautoshi. Mkuu wa idara anaweza kukupenda na mkurugenzi akakujua kwa salamu zako nzuri, lakini siku wanapokaa kuamua nani apandishwe cheo, nani akaimu na nani aende masomoni, kinachofunguliwa mezani ni jalada lako, na wanachokumbuka ni kazi uliyowaandikia. Anayetaka kupanda ajifunze kuandika kiofisi.

Aanze na dokezo. Uamuzi mwingi katika ofisi ya umma huanzia hapo: ofisa anaandika, dokezo linapanda kwa mkuu wa idara, linafika kwa mkurugenzi au katibu mkuu, kisha linarudi chini likiwa na maelekezo. Njiani linasomwa na watu ambao hamjawahi kukaa kikao kimoja. Wanakupima kwa karatasi hiyo. Inasikitisha kuona maofisa wenye shahada wakijaza kurasa mbili za historia na kumalizia kwa "nawasilisha kwa maelekezo yako". Maelekezo gani? Umemrudishia mkubwa kazi ya kufikiri ambayo uliajiriwa kuifanya.

Dokezo linalofaa hutaja suala katika aya ya kwanza. Linaeleza chimbuko kwa ufupi, likirejea folio zilizomo ndani ya jalada ili msomaji asipekue. Linataja sheria, kanuni au waraka unaohusika. Kama kuna fedha, linasema ni kiasi gani na zitatoka kifungu kipi cha bajeti. Mwisho linapendekeza, tena waziwazi, kiasi kwamba mkubwa akiafiki ataandika "Nakubali" na kutia saini.

Chukua jambo dogo kama printa iliyoharibika. Ofisa mmoja ataandika kwamba printa ni mbovu, kazi zimekwama, anaomba msaada. Mwenzake ataandika kwamba printa ya uhasibu haifanyi kazi tangu Jumatatu, fundi wa TEHAMA ameikagua na taarifa yake ipo folio 14, gharama ya matengenezo ni kiasi fulani, fedha zipo katika kifungu cha matengenezo ya vifaa, na rasimu ya barua kwa mzabuni imeambatishwa kwa ajili ya saini. Hiyo rasimu ndiyo inayomtofautisha, maana jambo linaweza kumalizika siku hiyohiyo. Ofisa wa namna hii ndiye anayeitwa yanapokuja mambo mazito.

Ukitaka kujifunza, omba ruhusa kwa mkuu wako usome majalada ya zamani yasiyo ya siri. Humo utaona jinsi maofisa hodari walivyojenga hoja, na jinsi wakubwa walivyowajibu pembeni kwa wino. Na wathamini watunza kumbukumbu wa masijala. Wao ndio wanaojua jalada lako limelala meza ya nani.

Jambo la pili ni muhtasari wa kikao, kazi inayokimbiwa na wengi. Jitolee kuiandika. Mwandishi wa muhtasari hujua kila idara inafanya nini na imekwama wapi. Usinukuu kila neno. Andika kilichoamuliwa, nani atekeleze, na lini. Usambaze muhtasari mapema, kikao kikiwa bado kinakumbukwa, ili kikao kijacho kifikapo kwenye yatokanayo asiwepo wa kusema hakujua. Hapa nina neno kwa viongozi: kazi hii isitupwe kila mara kwa binti mdogo kuliko wote, pamoja na chai. Izungushwe, maana inajenga, na kila mmoja anastahili kujengwa.

Kuna pia karatasi zinazokuhusu wewe mwenyewe, na watu wengi wazuri wamechelewa kwa sababu yake. Ukiajiriwa katika utumishi wa umma unaanza na miezi 12 ya majaribio, kisha unapaswa kuthibitishwa kazini kwa barua. Wapo wanaofanya kazi miaka bila kuulizia barua hiyo, na kumbe ndiyo mlango wa madaraja mengine. Soma muundo wa utumishi wa kada yako, kwa sababu ndani yake mna sifa na mitihani inayotakiwa kwa kila daraja. Mhasibu atakutana na mitihani ya bodi ya taaluma yake, NBAA, na ofisa ununuzi na ile ya PSPTB. Usingoje cheo kikaribie ndipo uanze kusoma. Fanya mitihani hiyo ungali na nguvu na majukumu ya nyumbani hayajaongezeka.

Tathmini ya utendaji nayo isifanywe mzaha. Mfumo wa tathmini wa OPRAS, ulioanza mwaka 2004, ulijazwa na wengi kwa kunakili fomu ya mwaka uliopita. Mfumo wa PEPMIS ulioshika nafasi yake upo kwenye mtandao, nawe ndiwe unayeingiza malengo na kazi zako. Ingiza kazi kadiri unavyozimaliza. Anayengoja dakika za mwisho husahau nusu ya aliyoyafanya, na msimamizi hawezi kupima asichokiona.

Ukiombwa kukaimu, kubali, lakini upate barua. Kukaimu kwa mdomo hakuingii kwenye kumbukumbu. Na majungu ya ofisini uyaepuke kabisa; aliyekusimulia habari za mwenzako leo atamsimulia zako kesho.

Kupandishwa cheo hutegemea pia ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na maandalizi ya ikama hufanyika miezi mingi kabla yake. Kwa hiyo wiki hii nenda kwa ofisa utumishi wako, umuulize kwa adabu mambo matatu: kama barua yako ya kuthibitishwa imo kwenye jalada, kama vyeti ulivyopata karibuni vimeingizwa, na kama umezingatiwa katika ikama ya mwaka ujao. Ukikuta kimojawapo kimekosekana, andika barua siku hiyohiyo, uipitishe kwa mkuu wako wa idara, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa masijala.