Cheka kwa Kiingereza bila kumkwaza mtu

Wadogo zangu, leo tuongee kuhusu kucheka kwa Kiingereza. Wengi wenu mnawaandikia wateja, mabosi na marafiki kwa lugha hiyo kila siku, na hapa ndipo mtu mwenye nia njema anapoweza kumuumiza mwenzake bila kujua.

Kiswahili chetu kinamaliza mambo ndani ya kitenzi. Nilimcheka, alinichekesha: papo hapo tunajua nani kaumia na nani kafurahi. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo. Kazi yote imeachiwa maneno madogo yanayoandamana na "laugh", kwa hiyo nawasihi, myajue hayo kwanza.

Kosa linaloongoza ni "he laughed me". Tunalifanya kwa sababu "alinicheka" tayari imembeba mtendwa. Sema "he laughed at me". Sasa shika hapa: "at" ikifuatwa na mtu, mara nyingi ni kejeli. Ikifuatwa na utani, kama "we laughed at his joke", aliyetania amesifiwa. Ukitaka kumpongeza mwenzako wa ofisini, usimwandikie "we all laughed at you yesterday", maana umemwambia mlimfanya kichekesho. Andika "you made us all laugh yesterday", wala usichomeke "to" kabla ya "laugh". Mlipocheka pamoja, tumia "with". Kutabasamu hakuna shida hiyo: "she smiled at me" ni salamu njema kabisa.

Kwenye nomino, "a laugh" inahesabika, ila "laughter" haihesabiki. Hakuna "a laughter" wala "laughters". Kuangua kicheko ni "burst out laughing" au "burst into laughter". Chagua moja, usizichanganye.

Kisha kuna aina za vicheko. "Giggle" ni kile chepesi cha watoto, au cha mtu mwenye haya. "Chuckle" ni cha chinichini, cha aliyefurahishwa na jambo. "Guffaw" ni kicheko kikubwa kinachosikika hadi nje. Muwe macho na "snigger", ambalo Wamarekani huliandika "snicker": hicho ni kicheko cha kuficha, chenye dharau. Ukiripoti kwamba wateja walifanya hivyo walipoona bidhaa yenu, bosi atajua mmedharauliwa.

Na "LOL" je? Maana yake ni kucheka kwa sauti. Mwaka 2012, mbele ya tume ya uchunguzi ya Leveson huko London, ilielezwa kwamba David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa akimalizia baadhi ya jumbe zake kwa "LOL" akidhani ni salamu za upendo. Kama mwenye lugha amekosea, wewe usibahatishe, hasa unapotuma rambirambi.

Ushauri wangu ni huu. Leo jioni fungua jumbe zako za Kiingereza, tafuta kila "laugh" uliyoiandika, uangalie imeandamana na nini. Ukikuta "at" na jina la mtu unayemheshimu, na hukukusudia kumkejeli, mwandikie upya, umwambie wazi kwamba alikufurahisha.