Somo la Nyumbani: Mkate wa Sufuria Siku ya Mvua



Mwezi huu twafundishana jambo la jikoni, na mabwana wasifunue ukurasa mwingine kwa kudhani kwamba ni habari ya mabibi peke yao. Jambo lenyewe lahusu maziwa, viazi na fedha, na hizo ni mali za shamba.

Tutwae mfano wa Ol Kalou katika Nyandarua. Ni mji mdogo ulio kwenye uwanda wa baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Pande zote umezungukwa na mashamba ya skimu, ambayo wananchi walianza kugawiwa katika miaka ya 1960, baada ya serikali kuanzisha mpango wa ekari milioni moja mwaka 1962. Mvua ndefu zikishika mwezi wa Aprili na Mei, udongo mweusi wa huko huganda miguuni kama gundi. Gari la maziwa hukwama njiani, au halitoki kabisa. Mkulima aliyekamua lita zake 10 alfajiri hurudi nazo nyumbani. Watoto hushinda ndani, baba hana la kufanya shambani, na ifikapo saa kumi alasiri mtoto mmoja hutumwa dukani, matope mpaka magotini, akanunue mkate wa chai.

Hebu tazameni jambo hilo. Siku ile ile ambayo shamba halikuingiza hata senti moja, ndiyo siku fedha inayotoka nyumbani kununua mkate. Na nyumbani kuna maziwa, viazi, kuni na watu wenye nafasi.

Sisemi kwamba mkate wa dukani ni mbaya. Nasema tupige hesabu. Nusu kilo ya unga wa ngano, pamoja na viazi viwili na maji, hutoa mkate wa karibu gramu 800, yaani sawa na mikate miwili ya gramu 400. Basi paketi moja ya kilo 2 yaweza kutoa mikate minane ya namna hiyo. Chukua bei ya paketi katika duka lako, uongeze hamira, sukari na chumvi kidogo, kisha ulinganishe na bei ya mikate minane. Lakini hesabu iwe ya kweli. Kama utanunua makaa kwa ajili ya mkate tu, faida itapungua sana. Yafaa kuoka baada ya githeri kuiva, wakati moto ungali mzuri na umekwisha lipiwa na chungu kingine.

Watu wengi hufikiri kwamba hapana mkate bila jiko kubwa la chuma. Zamani wapishi wengi Waafrika waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za walowezi walijua sana kuoka, lakini walipofika kwao jioni hawakuwa na jiko kama lile, na ujuzi wao ulibaki kwa bwana. Hata hivyo, sufuria mbili na makaa hufanya kazi ile ile, maana mkate hauulizi umeokwa ndani ya nini. Wataka joto kavu lililouzunguka pande zote, basi.

Mimi mwenyewe nilipojaribu mara ya kwanza niliharibu. Niliweka moto wote chini, kama mtu anayepika ugali. Mkate ukaungua chini ukawa mweusi, na juu ukabaki mbichi na mweupe kama chokaa. Mama mmoja mzee aliyekuwa akinitazama alicheka, akasema, “Mwalimu, huyu umemchoma miguu na kichwa umekiacha kwenye baridi.” Tangu siku hiyo sijasahau kanuni: moto mdogo chini, moto mkubwa juu ya kifuniko.

Sasa tuje kwenye kazi. Huu ni mkate wa viazi, na nimeuchagua kwa makusudi, kwa kuwa kiazi hushika maji, na mkate wake hukaa laini siku mbili tatu bila kukauka.

Tafuta unga wa ngano nusu kilo, viazi viwili vya kadiri, hamira kavu vijiko 2 vya chai, chumvi kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha mezani, na siagi au malai kijiko 1 cha mezani. Chemsha viazi mpaka viive sana, uviponde visibakie na donge hata moja. Ukipata kikombe kimoja cha viazi vilivyopondwa, yatosha. Yale maji yaliyochemshia viazi usiyamwage, utayatumia.

Maji hayo yaache mpaka yawe ya uvuguvugu. Chovya kidole: yasikuchome, wala yasikupe baridi. Hamira ni kitu chenye uhai, ni jamii ya kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, nao wakitiwa katika maji ya moto hufa. Pima maji yapata mililita 200, yaani kikombe kisichojaa, utie hamira na sukari, kisha ungoje dakika 10. Povu likipanda juu, hamira ni nzima. Lisipopanda, hamira imekufa. Usiiweke kwenye unga, maana utapoteza hamira na unga pia.

Changanya unga na chumvi, viazi na siagi, halafu mimina maji ya hamira kidogo kidogo. Kuna unga unaokunywa maji mengi na mwingine machache, kwa hiyo usimimine yote kwa mara moja. Kanda kwa dakika 10 kamili. Hapa ndipo bwana aweza kusaidia, maana kukanda kwataka mikono yenye nguvu. Donge likiwa tayari huwa laini na lenye kuvutika, halishiki mikono sana.

Funika donge kwa kitambaa kilicholowa kidogo, uliweke karibu na jiko, si juu yake. Watu wa Ol Kalou na Kinangop wana mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, baridi hufanya hamira ifanye kazi polepole, na siku ya mvua donge laweza kuchukua saa mbili au zaidi kuumuka. Pili, mahali pa juu hewa ni nyepesi, haigandamizi donge kama hewa ya pwani, na kwa hiyo donge lililopata joto huvimba upesi na laweza kupita kiasi, likaanguka lenyewe. Basi usiangalie saa, angalia donge. Likiwa mara mbili ya lilivyokuwa, bonyeza kwa kidole. Alama ya kidole ikirudi polepole, tayari. Likande tena kidogo kutoa hewa, ulitie katika mkebe au sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, nusu ijae, uliache livimbe tena karibu na ukingo.

Neno juu ya mikebe. Mkebe uliowahi kuwa na rangi, dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya kunyunyizia viazi usitumiwe kamwe kwa chakula, hata ukioshwa mara 10.

Wakati donge linapovimba mara ya pili, tengeneza tanuri. Chukua sufuria kubwa kuukuu, iliyo nzito, yenye kifuniko cha bati kilicho bapa. Tia ndani mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili, au panga vijiwe vitatu vikavu. Funika, uweke juu ya makaa kwa dakika 15 ipate moto. Kisha weka mkebe wako ndani, juu ya mchanga, usiguse ubavu wa sufuria kubwa. Funika. Sasa chota makaa mengi yenye moto uyatandaze juu ya kifuniko, na chini uache machache tu. Kwa nusu saa ya kwanza usifunue kutazama, hata watoto wakikusihi. Kwa kadiri, mkate utakuwa tayari baada ya dakika 40 mpaka 50. Utoe katika mkebe uupige chini kwa kidole: ukilia kama ngoma tupu, umeiva, sauti ikiwa nzito, urudishe kwa dakika 10 tena. Halafu uache upoe kabla ya kukata. Najua ni vigumu, lakini mkate wa moto ukikatwa hushikamana kama ugali mbichi.

Nimefika mahali ambapo nawaomba msome polepole, na asiyejua kusoma asomewe.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hutoka hata pale ambapo moshi hauonekani kabisa. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushika nafasi ya hewa njema ambayo mwili wahitaji. Siku moja ya baridi kali nilikuwa nikifundisha kuoka katika jiko lenye dirisha moja, na kwa sababu ya mvua tulifunga mlango na dirisha. Baada ya muda kichwa kilianza kunigonga. Nikadhani ni uchovu. Kisha bibi mmoja akasema anasikia kichefuchefu, mwingine akaketi chini akisinzia saa tano ya mchana. Hapo nilifahamu. Tulisukuma mlango, tukatoka sote nje kwenye mvua, na bibi yule aliyesinzia akashikwa mikono akapelekwa hospitali. Alipona, lakini tungaliendelea kidogo tu, nisingekuwa hapa kuandika.

Basi okeni nje chini ya paa la banda, au jikoni penye mlango na dirisha vilivyo wazi, hata kama baridi inaingia. Na jambo lililo kubwa kuliko yote: mkate ukiisha, msichukue jiko lenye makaa mkaliingiza chumba cha kulala ili lipashe joto usiku. Watu hulala na jiko hilo wasiamke. Mkiona mtu ana kichwa kinachouma, kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida karibu na makaa, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, na mkampeleke hospitali.

Tukirudi kwenye maziwa yale yaliyokosa gari. Yachemsheni jioni, muyaache yapoe usiku katika chombo kipana kilichofunikwa. Asubuhi malai huwa yameelea juu. Yaengue, uyatie katika chupa yenye mdomo mpana au kibuyu safi, usijaze kupita nusu, umpe mtoto atikise. Baridi ya Nyandarua, tunayoilalamikia mwaka mzima, hapa yatufaa, kwa kuwa malai yenye joto hayatoi siagi nzuri. Wakipokezana, watoto watatu watamaliza kazi kwa nusu saa, na watagombania chupa. Siagi ikishikamana, ioshe kwa maji safi ya baridi mpaka maji yatoke maangavu, kisha utie chumvi kidogo. Maziwa yaliyobaki chini yapashe moto yawe ya uvuguvugu, utie kijiko cha maziwa lala ya jana, na kesho yake utakuwa na maziwa lala mapya. Yakikataa kuganda, jiulize kama ng'ombe mmoja amedungwa dawa ya kiwele siku hizo. Dawa hiyo huua vijidudu vinavyogandisha maziwa, na maziwa yake hayafai kunywewa wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zitimie.

Sasa ni saa moja ya jioni, mvua ingali yapiga mabati, na mezani pana mkate wenu, siagi yenu na chai ya maziwa yenu. Msiondoke upesi. Nyumba nyingi nilizozitembelea watu hula kila mmoja kwa wakati wake, huyu kwenye simu yake, yule mlangoni. Siku ya mkate huwa tofauti kidogo, kwa kuwa watu wote walingoja kitu kimoja kiive. Mzee na atandike ubao wa drafti. Anayesoma awasomee wengine gazeti hili, asiyesoma atege kitendawili. Kama nyanya yuko, mwulizeni familia yenu ilifikaje katika skimu: lori lilikuwa la nani, walilala wapi usiku wa kwanza, mkopo wa ardhi ulilipwa kwa ng'ombe gani. Katika nyumba moja kijana wa miaka 19, aliyekuwa akisema kila siku kwamba atauza sehemu yake aende mjini, alisikia habari hizo kwa mara ya kwanza akiwa na kipande cha mkate mkononi. Sijui ataamua nini, na ni haki yake kuamua. Lakini alimwuliza nyanya yake maswali mpaka taa ikazimwa.

Mkate ukibaki, ufunge katika kitambaa safi, si katika karatasi ya nailoni ungali na joto, maana utaota ukungu. Siku ya tatu ukate vipande uchome juu ya makaa. Ule uliokauka kabisa usagie kuku, lakini wenye ukungu usiwape.

Na majivu ya jiko, yakishapoa kabisa, yapeleke kwenye sukuma wiki na vitunguu. Usiyamwage penye viazi, maana majivu hupunguza ukali wa udongo, na hapo ugonjwa wa upele wa viazi hupata nafasi.