Tangawizi-Mwitu ya Miombo

Katika miombo ya Kilosa na Mikumi, mvua za kwanza zinyeshapo, huchomoza ua la waridi lililoingia zambarau, lenye doa la manjano, juu ya kikonyo chake peke yake kando ya majani. Wataalamu huuita mmea huu Siphonochilus kirkii. Joseph Hooker aliueleza mwaka 1872, akaupa jina la John Kirk, aliyekaa Unguja miaka mingi. Ni wa ukoo mmoja na tangawizi, manjano na iliki.

Mkulima na achimbue tangawizi yake mwenyewe aitazame. Kile akiitacho mzizi si mzizi, bali ni shina lililolala udongoni, nalo huitwa tunguu. Ushahidi wake ni macho yaliyo juu yake, kwani mzizi hauna macho. Nacho kisimamacho kama shina ni majani yaliyokunjana, moja ndani ya jingine, kama ya mgomba.

Ua lataka kutazamwa polepole. Sehemu ile pana, ambayo kila mtu huidhania petali, kwa kweli ni stameni zilizogeuka sura na kuungana. Stameni yenye kutoa chavua ni moja tu, nayo yaukumbatia uzi mwembamba upandao kutoka kwenye kifuko cha mbegu. Mdudu aingiaye kutafuta asali hutoka na chavua mwilini.

Tangawizi ya shambani huzaa mbegu kwa nadra sana. Ndiyo sababu twapanda vipande vya tunguu. Walakini kipande kilichooza huchukua ugonjwa mpaka shamba jipya. Kisipandwe, hata kama kuoza ni kwa upande mmoja tu.

Kiangazi majani ya tangawizi-mwitu hufa, na moto wa nyika hupita juu ya tunguu bila kulidhuru. Jembe halipiti juu. Huko Afrika Kusini, mmea ulio ndugu yake, Siphonochilus aethiopicus, umechimbwa kwa dawa ya kikohozi hata ukatoweka porini huko KwaZulu-Natal.

Mikumi ni Hifadhi ya Taifa tangu 1964, na kuchimba mimea humo ni marufuku. Nje ya hifadhi, autakaye mmea huu asing'oe kichaka kizima. Na akate kipande kimoja chenye jicho majani yakiisha kukauka, afukie tena kilichobaki, kisha akipande nyumbani inchi 2 chini, penye kivuli chepesi na udongo usiotuama maji, kabla mvua haijaanza.