Mtini, Mkuyu na Mugumo: Ukoo Mmoja wa Miti Katika Dini Nyingi

Miti hii ina undugu gani?

Mtini uzaao tini, mkuyu wa kando ya mito ya Afrika, mugumo wa Wakikuyu, mtuba wa Waganda na mti wa Bodhi wa Wabudha yote ni ya jenasi moja, ambayo wataalamu wa mimea huiita Ficus. Ina spishi zaidi ya 750, nyingi zikiwa za nchi za joto. Ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Tunda lake ni kifuko kilichobeba maua madogo mengi yasiyoonekana kwa nje, na porini maua hayo huchavushwa na nyigu wadogo wanaoingia kupitia tundu lililo nchani.

Kwa nini ukoo huu ukapewa heshima kubwa kiasi hicho?

Sababu imo katika maisha ya mti wenyewe. Spishi nyingi za jenasi hii hazingojei msimu mmoja: mti huu ukimaliza kuzaa, wa jirani huanza, hivyo ndege, popo na nyani hupata chakula hata wakati wa kiangazi. Baadhi huanza kama mbegu iliyodondoshwa na ndege kwenye panda ya mti mwingine, zikateremsha mizizi hadi ardhini na mwishowe kuuzunguka mti uliozibeba. Kivuli chake ni kizito, na umri wake huweza kupita vizazi vingi. Watu walioona mti usiopandwa na mtu, unaolisha viumbe wakati wa njaa na kutoa kitu kama maziwa, walikuwa na haki ya kuuona kuwa ishara ya uhai.

Je, tunda lililokatazwa bustanini lilikuwa tini?

Kitabu cha Mwanzo hakilitaji tunda hilo kwa jina. Mti pekee unaotajwa kwa jina bustanini ni mtini, ambao Adamu na Hawa walishona majani yake ili kujisitiri. Ndiyo maana baadhi ya marabi wa Talmudi walisema tunda lilikuwa tini, huku wengine wakitaja zabibu au ngano. Tufaha lilipata umaarufu Ulaya ya Magharibi baadaye sana. Hata huko Michelangelo, alipochora dari la Kanisa dogo la Sistine mjini Vatikani kati ya 1508 na 1512, aliuchora mti ule kama mtini.

Qur'ani nayo haiutaji mti huo kwa jina. Katika Sura Taha, ni Shetani anayeuita mti wa umilele anapomshawishi Adamu. Vitabu vyote viwili vinalenga amri iliyovunjwa, na aina ya tunda vimeiacha bila kutajwa.

Mtini una maana gani kwingineko katika Biblia?

Kwanza ni amani na riziki. Kila mtu kukaa chini ya mzabibu wake na mtini wake ndiyo picha ya utawala wa Sulemani katika Wafalme wa Kwanza, na ya siku za mwisho katika kitabu cha Mika. Pili ni hukumu: mtini wenye majani bila matunda, ambao Yesu aliulaani karibu na Yerusalemu, umefafanuliwa na wahubiri wengi kama ibada ya nje isiyo na matendo.

Mkuyu aliopanda Zakayo kule Yeriko ili amwone Yesu ni wa spishi ile ile inayoota kando ya mito ya Kenya na Tanzania. Wamisri wa kale waliuhusisha na mungu wa kike Hathor, na kwa mbao zake walitengeneza majeneza.

Na katika Qur'ani?

Sura ya 95 inaitwa At-Tin, na inaanza kwa kiapo cha Mwenyezi Mungu kwa tini na zeituni, kisha kwa mlima Sinai na mji wa amani, yaani Makka. Wafasiri wametofautiana. Baadhi wanasema ni matunda yenyewe, kwa sababu ya manufaa yake kwa mwili. Wengine wanasema ni ishara ya nchi yanakoota, hasa Shamu na Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu, hivyo aya zinataja mahali walipotumwa mitume. Tafsiri hii ya pili inaoanisha vyema viapo vyote, maana viwili vya mwisho ni vya mahali.

Mti wa Bodhi ulipataje nafasi yake?

Mapokeo ya Wabudha yanasema Siddhartha Gautama, yaani Buddha, alipata mwangaza akiwa ameketi chini ya mti wa Ficus religiosa huko Bodh Gaya, kaskazini mwa India. Kwa karne kadhaa za mwanzo wasanii waliochonga habari zake hawakumwonyesha kwa umbo la binadamu. Walichonga mti, kiti kitupu au nyayo, na waumini walielewa ni nani aliyekusudiwa. Ni nadra mti kubeba heshima ya namna hiyo, ya kusimama mahali pa mwalimu mwenyewe.

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, alipeleka tawi la mti huo Sri Lanka. Likapandwa Anuradhapura, na mti uliotokana nalo bado unatunzwa na watawa. Ule wa Bodh Gaya ulianguka katika karne ya 19, na mwingine ukapandwa mahali pake.

Mugumo una nafasi gani kwa Wakikuyu?

Chini ya mugumo wazee walichinja kondoo na kumwomba Mungu wao, Ngai, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Sala hizo ziliombwa wakati wa ukame, maradhi au hatari kwa jamii. Jomo Kenyatta alizieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938. Kuukata mti huo ilikuwa marufuku, na hata matawi makavu hayakuokotwa kwa kuni.

Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alikatazwa na mama yake kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao Nyeri, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Miaka ilipopita aliukuta umekatwa na kijito cha jirani kimekauka. Alieleza kwamba mizizi yake mirefu hupenya miamba na kuyafungulia njia maji ya chini ya ardhi. Mwiko wa dini ulikuwa umelinda chemchemi.

Wakikuyu husimulia pia utabiri wa Mugo wa Kibiro kwamba utawala wa kigeni ungekoma siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Mti huo ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru.

Kuna mfano mwingine katika Maziwa Makuu?

Uganda, gome la mtuba hupondwa na kuwa kitambaa cha kutawazia kabaka, yaani mfalme, na kuzikia wafu. Rwanda, miti ya umuvumu hadi leo huonyesha palipokuwa makao ya wafalme.

Kuuheshimu mti ni kuuabudu?

Kwa Wakikuyu, anayeombwa ni Ngai, na mugumo ni mahali pa kukutania. Hata hivyo hofu ya kuvuka mpaka huo ni ya zamani. Torati inakataza kusimamisha mti au nguzo ya Ashera, mungu wa kike wa Wakanaani, kando ya madhabahu. Inasimuliwa pia kwamba Khalifa Umar aliamuru ukatwe mti uliodhaniwa kuwa ndio wa kiapo ambacho wafuasi wa Mtume Muhammad walikula Hudaibiya, kwa sababu watu walikuwa wakiuendea kusali.

Je, heshima hiyo bado inailinda miti?

Mahali pengine ndiyo. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo mikuyu ni sehemu yake, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mwaka 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya juu jijini Nairobi, amri ya rais iliuokoa mugumo mkubwa wa Waiyaki Way baada ya wananchi kupinga kukatwa kwake. Lakini mti mmoja wa barabarani hauwezi kufidia maelfu ya mashambani ambayo hayana mzee wa kuyatetea. Yeyote mwenye mkuyu au mugumo katika ardhi yake, hasa karibu na chemchemi, auache usimame.